Kitalu cha Wifi Yangu

Wifi yangu alirudi kwao Ihembe na begi moja na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, baada ya miaka kumi na mitatu ya ndoa. Mimi ndiye niliyempokea, kwa sababu mume wangu, ambaye ni kaka yake, alikuwa ameenda kupeleka kahawa chama cha ushirika. Wifi hakuwa na mtoto. Sikumuuliza kitu. Nilimpa maji ya kuoga, nikaongeza ndizi kwenye sufuria, akala, kisha akaosha vyombo vyote, hata vile ambavyo havikuwa vichafu. Ndipo nilipojua kwamba hakuja kutembea.

Kwetu mwanamke aliyerudi anapewa mahali pa kulala, lakini hapewi ardhi. Kibanja, yaani migomba na kahawa vinavyozunguka nyumba, ni cha ukoo, na wanaume ndio wanaokigawana. Wifi alilala chumba cha pembeni ya jiko pamoja na wanangu wa kike. Alilima nami, alipalilia nami, na mikungu ilipokomaa tulikaa wote barabarani kuwasubiri wenye malori. Lakini kila jioni niliona anavyotembea kwenye kibanja cha baba yake kama mgeni, akijibana ili asikanyage kitu.

Habari ya kitalu ilianza kwa bahati tu. Bwana shamba wa kata aliitisha mafunzo ya siku mbili ya kuzalisha miche safi ya migomba, kwa sababu ugonjwa wa mnyauko ulikuwa unamaliza mashamba ya watu. Kila kaya ilitakiwa kutoa mtu mmoja. Mume wangu alikuwa na kazi, mimi nilikuwa na mtoto mwenye homa, akaenda wifi. Alirudi siku ya pili akiwa na matope hadi magotini na uso ambao sikuwahi kuuona tangu arudi.

"Wifi," akaniambia hata kabla ya kukaa, "kumbe tunguu moja la mgomba linaweza kutoa miche ishirini!"

"Ishirini wapi? Mgomba huzaa vichipukizi vitatu, vinne."

"Ukiuacha wenyewe. Ukilimenya tunguu, ukalikata msalaba pale katikati, ukalifukia kwenye vumbi la mbao lililochemshwa, ukafunika na nailoni, linachanganyikiwa. Linatoa machipukizi kila upande."

"Hata mimi ukinikata msalaba nitachanganyikiwa."

Alicheka mpaka akakaa chini. Jioni hiyo akaenda kwa kaka zake, mume wangu na yule mkubwa, akaomba kona iliyo nyuma ya jiko, mahali palipokuwa na shimo la zamani la kuivishia ndizi za pombe. Alitaka kuanzisha kitalu cha miche ya kuuza.

Walimjibu baada ya wiki. Nakumbuka maneno ya shemeji yangu mkubwa kwa sababu aliyasema taratibu, kama mtu anayetaka yasisahaulike. Kona ataitumia misimu miwili. Kitalu kikisimama, kona itakuwa yake, na wao wenyewe watamjengea nyumba ya vyumba viwili pale pale. Kisiposimama, kona ataichukua mdogo wao wa mwisho, ambaye alikuwa anatafuta mke, na lisisemwe tena neno juu yake. Wifi alipiga magoti akashukuru. Alipofika jikoni aliniambia, "Nimepewa misimu miwili ya kuwa mtu wa hapa." Kisha akaomba chumvi.

Mimi nilikuwa mshirika wake tangu siku ya kwanza, na nasema wazi kwamba niliogopa. Elimu yangu ni darasa la saba. Nilikuwa najua kuuza mkungu kwa mwenye lori, kwa sababu yeye ndiye hutaja bei na wewe hukubali au hununa. Kuuza mche wa mgomba lilikuwa jambo jingine kabisa. Kwetu mgomba hauuzwi. Mtu anakuja, anasalimia, anakaa, anasema, "Nimekuja kuomba mgomba," unachukua jembe unamng'olea. Nasi migomba yetu mingi ilikuja hivyo hivyo. Jirani mmoja alipopita na kuona tunavyojenga kichanja cha kivuli, alisimama akaangalia kwa muda mrefu.

"Eti mnauza migomba?"

"Tunauza, baba," wifi akamjibu.

"Keshokutwa mtatuuzia na moto wa kuwashia."

"Moto tutakupa bure, baba. Lakini uje na kuni."

Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikijifanya napanga majani. Wifi alimtania yule mzee mpaka mzee mwenyewe akacheka. Alipoondoka nikamwambia wifi kwamba mimi sitaweza. Nitachota maji, nitachemsha vumbi la mbao, nitajaza udongo kwenye viriba vya nailoni, lakini kusimama mbele ya mtu ninayemwamkia na kumtajia bei sitaweza.

"Utaweza," akasema. "Hujajaribu tu. Hebu tujaribu hapa hapa, hakuna mtu."

Tulikuwa tunamenya ndizi za mchana. Alisimama, akajitupia kitenge begani kama shuka, akachukua mwiko wa kusongea ugali akauegemea kama fimbo, akaenda nje na kuingia tena akikohoa.

"Hodi hapa. Mke wa mwanangu, hamjambo?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuja kuomba kamgomba kamoja, mwanangu. Mgongo unaniuma, mvua imekaribia, mama yenu naye ni mgonjwa..."

"Pole sana, baba. Karibu ukae, nikakung'olee."

Wifi alitupa mwiko. "Umeshanipa! Hata sijamaliza kuumwa umeshanipa!"

Tulicheka hadi wanangu wakaja kuchungulia. Lakini hakuniacha. Alirudi nje, akaingia tena, safari hii kama mama mchungaji, kisha kama shangazi wa mume wangu ambaye wote tunamwogopa. Alinifundisha kwamba nikishasema bei ninyamaze. "Wewe ukisema bei unaendelea kuongea, wifi. Unaomba radhi. Sema halafu funga mdomo, umwache naye aseme." Tulifanya hivyo siku nyingi, tukimenya ndizi. Mpaka leo nikishika kisu cha kumenyea kuna sentensi moja inanijia mdomoni yenyewe: "Mche ni wa kununua, baba, ila nitakuchagulia ulio mzuri."

Mteja wa kwanza niliyemhudumia peke yangu alikuwa mwanaume wa Igurwa aliyekuja kwa pikipiki. Wifi alikuwa chooni, nadhani alikaa huko makusudi. Nilisema bei. Nikanyamaza. Yule bwana aliangalia miche, akakuna shingo, akasema, "Nifungie kumi." Alipoondoka nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na wifi akatoka chooni anapiga vigelegele. Kuanzia hapo nilibadilika kidogo. Nilikuwa nasimama kitaluni nikiwa nimenyoosha mgongo. Mume wangu aliona, akasema, "Siku hizi unatembea kama mwenyekiti." Nilifurahi, ingawa alikuwa ananitania.

Wifi alikuwa na sheria zake, zote za kule mafunzoni. Mteja alisimama nje ya kamba; sisi ndio tuliomletea miche. Hakuna mmea wowote kutoka nje uliovuka kamba, hata wa zawadi. Matunguu ya kuzalishia yalitoka kwenye migomba yetu tu, ile aliyoichunguza yeye mwenyewe mmoja mmoja kwa miezi. Na panga la kitaluni halikukata kitu kingine. Kila jioni alilipitisha motoni, pande zote mbili, akalitundika kwenye msumari chini ya kichanja. Asubuhi alilichukua pale akijua ni safi. Hakulichoma tena asubuhi. Hakukuwa na haja.

Msimu wa kwanza ulikwisha vizuri. Shemeji mkubwa alikuja akaangalia, akahesabu mistari ya viriba kwa kidole, akaondoka bila kusema kitu. Kwa mtu kama yule, hilo lilikuwa neno jema. Wifi alianza kuweka mawe pembeni ya kona, machache machache, akisema ni ya msingi.

Mwanzoni mwa msimu wa pili kikundi cha wakulima wa Igurwa kilituagiza miche mingi kuliko tuliyowahi kuitoa. Wifi alienda Kayanga kununua viriba. Siku hiyo ndipo mama yangu mzazi alipokuja.

Mama anaishi Isingiro, upande wa Kyerwa. Si karibu kwa mtu wa umri wake. Alikuwa amebadilisha gari na kumalizia kwa pikipiki, akiwa ameshika mapajani vichipukizi viwili vya nshakara, ile ndizi ya kupika aliyotulea nayo, vimefungwa kwa majani makavu. Alikuwa amesikia kwamba tuna kitalu. Alifurahi kwa ajili yangu. Aliniambia kwamba amewaambia wanawake wote wa jumuiya yake kwamba binti yake ana kazi ya kisomi.

Nilipaswa kumsimamisha nje ya kamba. Nilijua. Nilikuwa nimewasimamisha watu wakubwa kuliko mama yangu, nilimsimamisha hata mzee wa kanisa. Lakini kwetu mtu akikuletea mgomba kutoka kwake huuweki chini ukauacha. Unaupanda siku hiyo hiyo, naye akiona, kwa maana anataka kurudi kwake akiwa na hakika moyoni kwamba umeingia ardhini. Na aliyeuleta ni mama aliyenizaa, akiwa na vumbi la Isingiro hadi kwenye nyusi. Aliingia moja kwa moja, akipapasa majani ya miche yetu na kusema, "Eee, eee." Kulikuwa na shimo lililokwisha kuchimbwa na kuwekewa samadi, mahali ambapo wifi alitaka kupanda mgomba wake wa kwanza wa mbegu.

"Hapa pazuri," mama akasema. "Weka hapa."

Ile sentensi niliyofundishwa jikoni ilikuwepo. Haikuwa hata na ukali. Ningesema, mama, hapa hatupandi cha nje, twende tukae sebuleni unywe uji. Sikusema. Nilinyoosha mkono, nikachukua panga lililokuwa karibu, nikapunguza mizizi ya vile vichipukizi na kukata majani ya juu, nikavipanda. Mama alikanyagia udongo kwa mguu wake. Panga nikalipangusa kwenye nyasi, nikalitundika kwenye msumari.

Mara nyingi nimejiuliza nilimwogopa nani. Mama yangu si mkali. Nadhani niliona haya aone kwamba kwangu kuna kamba aliyoweka mtu mwingine. Kwamba mimi, mke wa nyumba, nasubiri ruhusa ya wifi aliyerudi. Ni jambo dogo na baya, na ndilo lililokuwepo.

Mama alilala, akaondoka asubuhi mapema na gari la wafanyabiashara. Alipoondoka tu nilivichimbua vile vichipukizi, nikavipeleka chini kabisa mwa kibanja, nyuma ya kahawa, nikavipanda huko. Shimo nikalimwagia majivu. Nilijiona nimetengeneza mambo. Wifi, aliyerudi usiku na kwenda kulala, alikuwa bado hajaamka.

Nilirudi kutoka chini na jembe begani, nikamkuta amekwisha amka, ameketi kitaluni kwenye ndoo, anamenya matunguu ya oda ya Igurwa. Alikuwa anaimba wimbo wa kwaya, sauti ya pili, kama alivyozoea. Pembeni yake palikuwa na lundo, labda matunguu thelathini, meupe, yameshakatwa msalaba. Panga lilikuwa mkononi mwake.

Nilisimama. Hapo ndipo nilipolikumbuka panga.

Neno moja lingetosha. Tungetupa kazi ya asubuhi moja. Tungefukia matunguu thelathini shimoni, tungechoma panga, angenigombeza kwa maneno mawili matatu, jioni tungekula pamoja. Migomba ya mama haikuwa na dalili yoyote. Mimi mwenyewe sikujua kama ina ugonjwa. Nilijiambia kwamba haina. Nilijiambia nililipangusa. Wifi alikatiza wimbo akasema, "Unanitazama nini, mke wa kaka? Njoo unishikie huu mfuko." Nikaenda nikamshikia.

Baada ya wiki kadhaa vile vichipukizi vya mama, kule nyuma ya kahawa, viligeuka manjano na kunyauka. Nilijiambia vimehamishwa mara mbili, jua ni kali. Nilivichimba nikavifukia kwa kina, peke yangu, na hilo linanionyesha kwamba hata hilo la jua sikuliamini. Miche ya Igurwa wakati huo ilikuwa ndiyo kwanza inachomoza kwenye vumbi la mbao. Nilikuwa na miezi yote ile ya kusema. Nilimwagilia miche ile kila siku. Wengine wanasali kwa kupiga magoti; mimi nilisali kwa kumwagilia.

Watu wa Igurwa walikuja na gari dogo wakaichukua. Walimshika wifi mkono wa pongezi, mmoja mmoja.

Yaliyofuata nayaeleza kwa kifupi. Mwenyekiti wa kile kikundi alirudi akiwa na mche mmoja kwenye mfuko. Hakugombana. Aliuweka chini nje ya kamba, na hilo liliniumiza kuliko kama angegombana, kwamba yeye aliiheshimu kamba. Wakati huo huo mistari miwili iliyobaki kitaluni ilianza kulegea majani. Bwana shamba alikuja, akakata shina la mche kwa kisu chake, akasubiri kidogo, na usaha wa njano ukajitokeza kwenye kidonda.

"Mnyauko," akasema. "Kwenye miche midogo hivi haujaletwa na nyuki, maana haina maua. Umeletwa na mtu. Kuna mmea wa nje umeingia, au kuna chombo. Nani ameingia humu?"

"Hakuna aliyeingia," wifi akajibu. Kisha akanigeukia, bila shaka yoyote usoni, kama mtu anayetafuta shahidi. "Au wifi?"

"Hakuna," nikasema.

"Na panga?"

"Panga ni langu," wifi akasema. "Nalichoma kila siku. Wifi, uliwahi kulikatia kitu?"

"Majani ya kufungia tu. Ya humu humu."

Wifi alitikisa kichwa taratibu. Bwana shamba aliandika kitu kwenye daftari lake. Nilimwona wifi anaangalia mikono yake, kwanza viganja, kisha upande wa pili. "Basi ni mimi," akasema. "Labda viatu. Nilipita kwenye mashamba ya watu nikienda Kayanga. Labda sikunawa."

Tuling'oa kila kitu kwa siku tatu. Igurwa nao waling'oa. Walikuwa watu wenye shida kama sisi, na wengine wao walikuwa wamekwisha pata mnyauko kabla, ndiyo maana waliagiza miche safi. Nao wananidai radhi, ingawa sijui nitaiombea wapi. Barabarani watu walianza kusema kwamba miche ya yule mwanamke ndiyo inayoeneza ugonjwa. Yule jirani aliyetutania kuhusu moto ndiye aliyekuja kutusaidia kuchimba shimo.

Shemeji mkubwa hakuvunja ahadi yake wala hakuongeza neno. Misimu miwili ilikwisha, kona ikapewa mdogo wao. Mume wangu alijaribu kumtetea dada yake, akasema apewe msimu mwingine, bahati mbaya humpata mtu yeyote. Wifi mwenyewe ndiye aliyekataa.

"Hapana, kaka. Nilijiamini mno. Mtu akijiamini hivyo haoni anachokosea."

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka, mlangoni, nimemshika mwanangu. Nilisikia anachosema. Kona ingeweza kuwa yake kama ningefungua mdomo, kwa kuwa kosa lingekuwa la mke wa nyumba, si lake. Nilimsuka mwanangu nywele, nikamaliza mstari, nikaanza mwingine.

Alienda Kayanga kupika kwenye mgahawa wa mtu. Tulikuwa tunasikia kwamba anapendwa huko, mchuzi wake unasifiwa. Baada ya muda wanawake wa usharika walianzisha kikundi cha kitalu cha miti na kahawa, wakamtuma mtu kumwita, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyefundishwa. Alikataa. Wakaniomba mimi niende kumbembeleza, na nilikubali upesi, kwa sababu nilikuwa nimeamua kwamba nitamwambia.

Nilimkuta nyuma ya mgahawa, anamenya. Alinikumbatia na mikono yenye utomvu, akaniagizia chai, akaniuliza habari za kila mtoto. Nilimpa ndizi nilizomletea. Nikamweleza habari ya kikundi.

"Waambie wasinitafute," akasema. "Mimi nina mkono mbaya, wifi. Hata hapa mwenye mgahawa ameniambia nijaribu kutengeneza maandazi, niuze mwenyewe asubuhi, pale mlangoni. Nimemwambia hapana. Nitapika ninachopika."

"Huna mkono mbaya."

"Unajuaje?"

Aliuliza hivyo tu, bila nia. Alikuwa ananiangalia, kisu mkononi, ndizi nusu imemenywa. Huyu ndiye aliyekuwa anaingia jikoni kwangu na mwiko kama fimbo, akawa wazee watatu katika asubuhi moja ili mimi niweze kutaja bei. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelisafirisha kutoka Ihembe.

"Najua tu," nikasema. "Mungu atakusaidia."

Alitabasamu kwa adabu. Mtu akimtajia mwenzake Mungu kwa namna ile, mazungumzo yamefungwa. Alinisindikiza hadi kituoni, akaninunulia mkate wa watoto.

Alifariki mwaka uliofuata, kwa presha, walivyosema hospitali. Aliletwa nyumbani, na kaka zake wakamzika kwenye kibanja cha baba yake, kwa sababu kwetu binti aliyerudi hazikwi kwingine. Ardhi ile aliyonyimwa kuipanda hawakubishana kumzika ndani yake.

Tulikaa msibani, wanawake kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni. Siku ya tatu mama mmoja, bila ubaya, alianza kumkumbuka: alivyokuwa mchapakazi, alivyojaribu vitu, alivyokuwa hana bahati ya mkono. Wengine wakaitikia. Ndipo nikasema. Nilisema kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote, kwamba panga nililichafua mimi, kwa mgomba wa kutoka nje, na nilijua, na nilidanganya mbele ya bwana shamba.

Kisha mama mchungaji akasogea akanishika bega.

"Mwanangu, uchungu unakusemesha. Kila mtu akifiwa hujitafutia kosa."

"Si uchungu, mama. Panga nililitumia mimi."

"Tunajua mlivyopendana," mwingine akasema. "Mpeni maji."

Wakanipa maji. Wakaniimbia. Nilimwambia mume wangu baada ya matanga, tukiwa wawili shambani, na yeye alisimamisha jembe kwa muda, akasema, "Acha, mama watoto. Amekwisha pumzika," akaendelea kulima. Sikujua kama ameamini. Mpaka leo sijui. Lakini tangu siku ile hajanitania tena kuhusu kutembea.

Nikaenda Isingiro. Mama sasa ni mzee, mnyauko ulipita kwake pia, nusu ya migomba yake imeisha na amepanda maharage. Nilimkuta ameketi jikoni anamenya ndizi chache. Nilimwamkia, nikakaa, nikachukua kisu kingine, na nikamweleza yote tangu mwanzo: kamba, shimo, panga, matunguu thelathini, bwana shamba, mgahawa. Sikumwambia kwa ajili ya kumlaumu, na aliona hivyo.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia nisimame nje?"

"Niliona haya, mama."

"Haya ya nini? Ningesimama. Nilikuja kukuona wewe. Ile migomba ningeirudisha Isingiro, au ningeitupa njiani, ningejua nini mimi?" Alikuwa anashangaa kweli, kama mtu anayeambiwa kwamba alinyimwa maji mahali ambapo hakuwa na kiu. "Ungesema tu, mama, hapo usivuke. Ningecheka."

Tulimenya kidogo.

"Na yeye?" akauliza. "Yeye ulimwambia?"

"Sikumwambia."

Mama hakunipa pole, wala hakusema kwamba uchungu unanisemesha. Aliinamisha kichwa, akasogeza sufuria katikati yetu ili ndizi zangu nazo ziingie.